Baridi ya Kufika Kasenyi

Maisha yake yote Médard aliendesha magari ya watu wengine. Alianza na malori ya samaki ya Kasenyi, akaenda kwenye malori ya mbao ya Komanda, na mwisho akaajiriwa na mradi mmoja wa maji ambao siku moja ulifunga ofisi ukaondoka Bunia bila kuaga vizuri. Badala ya malipo ya mwisho, wenye mradi walimwachia gari moja dogo jeupe ambalo lilikuwa limeshachoka. Madereva wenzake walimcheka. Yeye aliliosha, akalipeleka nyumbani kwake katika mtaa wa Rwambuzi, akalisimamisha uani chini ya bati alilolitundika mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa naye ni mtu mwenye gari.

Klimatizeri ya gari hilo, ile mashine ya kupuliza baridi, ilikuwa imekufa kabla hajalipokea. Hakuna aliyeijali. Bunia iko juu, asubuhi mtu anavaa koti, na joto la mchana dawa yake ni kushusha kioo. Kile kitufe cha baridi kilikaa pale mbele miaka na miaka kama jino lililokufa: hakikufanya kazi, wala hakikumuuma mtu.

Kilichoanza kuuma kilikuwa kifua cha mke wake.

Annette alikuwa mtoto wa vilima vya Mahagi, kwenye baridi na ukungu, aliyeolewa akashushwa ziwani. Kule Kasenyi alikausha samaki kwa moshi tangu alipokuwa bibi arusi mpaka vita vilipowatoa. Aliinama juu ya tanuri la udongo toka asubuhi, akigeuza samaki, macho yakimchuruzika, na upande wa pili wa moshi uleule alisimama mwenzake Godelive. Hao wawili walishirikiana kila kitu: kuni, chumvi, matusi ya wanunuzi, kulea watoto. Watu walipokimbia, Annette alipanda Bunia na mume wake. Godelive alijificha porini siku chache, kisha akarudi kwenye tanuri lake, akasema hana kwingine anakojua.

Kikohozi Annette alikuja nacho. Kwa muda mrefu kilikuwa kikohozi tu, cha asubuhi, kinachokwisha akishakunywa chai. Halafu kikawa cha mchana pia. Halafu pumzi ikaanza kumkatikia akifagia, akitoka kanisani, akiongea. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwita Médard pamoja na binti yao Claudine, mwalimu wa shule ya msingi, akawaeleza bila kuzunguka. Mapafu yameharibiwa na moshi. Dawa zitamsaidia kupumua, lakini kilichokwisha hakirudi. Akae mbali na moshi na vumbi.

Médard alitoka nje akasimama mlangoni pa hospitali, akiangalia barabara. Ulikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi kimekaza. Vumbi jekundu lilikuwa juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mikate ya wauzaji. Pikipiki ikipita ilikuwa inaacha ukuta mwekundu nyuma yake. Akajiuliza daktari alikuwa anazungumza habari ya mji gani.

Kila juma ilibidi Annette arudishwe hospitali. Wakifunga vioo, gari lilikuwa tanuri. Wakifungua, vumbi liliingia. Siku moja walikwama nyuma ya lori la mchanga, vioo vimefungwa, jasho linamtiririka Annette mpaka kitambaa cha kichwa kimelowa.

"Fungua, baba Claudine," alisema. "Nakufa na moto."

Médard akafungua. Lori lile likang'oka kwa nguvu, na vumbi lote la magurudumu yake likaingia ndani. Annette alishika mlango kwa mikono miwili akitafuta hewa bila kuipata. Midomo yake iligeuka rangi. Médard alisimamisha gari kando, akamtoa, akampepea kwa kofia yake huku watu wanapita wakiangalia, mmoja akisema pole, mwingine akitafuta mahali pa kupitisha toroli lake. Pumzi ilirudi polepole sana.

Jioni ile alilipeleka gari kwa Blanchard, fundi aliyemfahamu tangu siku za malori. Blanchard alifungua boneti, akaingiza mkono huku na huku, kisha akajifuta kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Papa Médard, hii klim ilikufa zamani," alisema. "Kompresere imekamata, haizunguke tena. Na ile radiateri yake ya mbele, mawe ya barabara imeitoboa yote."

"Haiwezekane kuitengeneza?"

"Inawezekana. Vyombo itatoka Kampala, na itakuwa ya gari ingine yenye ilikufa. Lakini shida haiko pale." Akapiga moteri kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe mzee mgongoni. "Shida iko hapa. Moteri hii imechoka. Klim inakula nguvu ya moteri. Ndani ya mji, itavumilia. Ukipanda mulima na klim, itachemka. Utachagula: ao baridi, ao mulima."

"Ni juu ya bibi yangu."

"Najua. Njo maana nakuambia ukweli. Kwa roho yangu, ningeiacha."

Médard alimshukuru, akaenda nyumbani akifikiri. Aliendesha polepole ili asitimue vumbi, ingawa gari lilikuwa na yeye peke yake.

Nyumbani Claudine alikuwa amemaliza kumwosha mama yake miguu. Aliposikia habari ya klimatizeri alimvuta baba yake nje, karibu na gari.

"Papa, gari tuuze," alisema. "Tumupeleke mama Kampala. Kule kuko waganga wakubwa."

"Daktari aliwapigia simu Kampala mbele yangu. Aliwasomea picha. Walimuambia vilevile."

"Walimuambia kwa simu. Hawakumuona."

"Claudine, barabara yote ile na kile kifua…"

"Basi weye umeshamaliza kumuzika," binti alisema, sauti yake chini. "Unatengeneza gari juu unaona mama hawezi kutengenezwa."

Médard aliangalia viatu vyake. Alikuwa anajua kwamba mtoto hakusema uongo, na kwamba hakuna namna ya kuligeuza neno lile likawa jingine.

Annette alikuwa amewasikia kupitia dirishani. Aliwaita wote wawili. Siku hizo alikuwa anasema maneno machache machache, akipumzika katikati, na watu wa nyumba walikuwa wamejifunza kungoja.

"Kampala siendi," alisema. "Siendi kufia kwa watu siwajue." Akapumua. "Na klim sitaki. Acheni hiyo maneno."

Wakaiacha. Siku zikapita, na hospitali ikawa kwenda mara moja, halafu kutokwenda, kwa sababu kila safari ilimrudisha nyumbani akiwa mbaya kuliko alivyotoka. Daktari alikubali kuwapa dawa za muda mrefu zaidi. Ilionekana jambo la klimatizeri limejifia lenyewe.

Ila siku moja, Médard akimnywesha uji, Annette aliusukuma mkono wake pembeni.

"Ile baridi," alisema. "Kama ikitengenezwa. Inaweza kutufikisha Kasenyi?"

"Kasenyi kufanya nini?"

"Kumuona Godelive. Hawezi kupanda huku, magoti yake imekufa." Akangoja pumzi. "Toka vita hajaniona. Sitaki anione mara ya kwanza ndani ya sanduku."

Hapo ndipo Médard angeweza kusema aliyoambiwa na Blanchard. Kasenyi iko chini kabisa, ziwani, kwenye joto ambalo Bunia hawalijui, na njia ya kurudi ni ule mlima mkubwa ambao malori yenyewe hupumzika katikati yake. Ao baridi, ao mulima. Maneno yalikuwa mdomoni. Aliutazama uso wa mke wake, ambao kwa majuma haukuwa umeomba kitu chochote isipokuwa maji, akasema:

"Itatufikisha."

Kesho yake alimwambia Blanchard aagize vyombo.

Vilichelewa. Kwanza mpaka ulifungwa. Ulipofunguliwa, lori lililovibeba lilikaa Mahagi likingoja malori mengine ili yatembee pamoja, kwa sababu barabara haikuwa na usalama. Kompresere ilipofika haikuwa ya gari lile, ikabidi irudishwe. Nyumbani, Annette aliyekuwa akifika kwenye geti akawa anafika mlango wa jiko, kisha kiti cha barazani, kisha mito ya kitandani tu. Claudine alikuja kila siku akitoka shuleni. Alipika, akamgeuza mama yake, akamsalimu baba yake kwa heshima, na habari ya gari hakuigusa hata mara moja.

Siku Blanchard alipomaliza kufunga vyombo na kutia gazi, alilileta gari yeye mwenyewe hadi uani. Aliacha moteri inanguruma, akafunga milango yote, na baada ya muda akamwambia Médard aingie. Baridi ilimpiga usoni. Ilikuwa na harufu ya chuma na ya kitambaa kilichokaa muda mrefu sandukuni, lakini ilikuwa baridi ya kweli.

Walimbeba Annette na blanketi yake, wakamketisha kiti cha mbele. Médard alikaa kwenye usukani. Mwanzoni mke wake alikaa kama mgeni, mikono mapajani. Halafu mabega yake, ambayo siku zote yalikuwa yamepandishwa kwa kazi ya kupumua, yakashuka kidogo.

"Iko sawa na asubuhi ya kwetu Mahagi," alisema, na alisema yote kwa pumzi moja.

Kisha akalala. Alilala akiwa ameketi, kichwa kimeegemea kioo, usingizi ambao kitandani ulikuwa umemkataa kwa majuma. Médard hakuthubutu kusogeza hata mguu. Claudine alipoingia uani aliwakuta hivyo. Alikaribia mpaka mlangoni, akaweka kiganja chake juu ya kioo, mahali ambapo upande wa ndani palikuwa na shavu la mama yake, wala hakufungua, ili ile baridi isitoke. Baadaye akaingia nyumbani kuwasha makaa.

Kwa siku chache Médard alikaribia kuamini. Alimtoa Annette kila alasiri akamketisha ndani ya gari, wakasikiliza redio kwa sauti ya chini, mpaka sindano ya kipimo cha mafuta ilipoanza kumwambia kwamba hata hilo halitadumu. Akaona wasingoje. Wakachagua siku, wakamtumia Godelive habari.

Walitoka jua likiwa bado changa. Claudine aliwafungia geti. Hakuwaambia wasiende, alimrekebishia mama yake kitambaa shingoni tu, akamwambia amsalimie mama Godelive.

Njiani mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Nje malori yalitimua vumbi, na wao walipita katikati yake kama watu walio ndani ya chupa. Annette aliangalia ng'ombe, aliangalia nyumba zilizojengwa upya na zile zilizobaki kuta. Tatizo lilikuwa barieri, vile vizuizi vya askari. Kila barieri askari aligonga kioo ili kishushwe, na kila kioo kiliposhushwa vumbi liliingia pamoja na joto, na Annette akakohoa hadi barieri ifuatayo. Askari mmoja aliyemwona alivyo aliondoa kamba haraka na kusema, "Pole sana, mama." Mwingine alitaka kwanza waongee vizuri.

Walipopita Bogoro, sindano ya joto la moteri ilikuwa imepanda. Médard aliiona. Aliendelea kuongea habari za zamani, za siku lori lake lilipolala matopeni na samaki wote wakaoza, ili mke wake asiitazame. Lakini Annette alikuwa amekaa kando ya dereva miaka mingi mno kwa mtu wa kudanganywa.

"Iko inachemka," alisema.

"Bado."

Walifika pale juu ambapo nchi inakatika na barabara inaanza kuteremka kwa kona kwenda ziwani. Médard alisimama. Siku zote mahali pale ziwa linaonekana lote, na ng'ambo yake milima ya Uganda. Siku ile hapakuwa na kitu. Kiangazi kilikuwa kimejaza bonde lote moshi wa majani yaliyochomwa na vumbi, kitu cheupe kilichotanda toka miguuni mwao hadi mbinguni. Hata paa moja la Kasenyi halikuonekana.

"Ziwa iko kule," Médard alisema, akionyesha kwa kidole.

"Najua kwenye iko."

Wakakaa. Mvuke mwembamba ulianza kutoka pembeni mwa boneti. Annette aliutazama ukitoka.

"Blanchard alikuambia nini?" aliuliza.

Médard alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Alisema kupanda na baridi haitaweza. Nilifikiri tutashinda kule mpaka jua lizame. Tutapanda polepole, na vioo wazi."

"Na vumbi ya malori?"

Médard aliuachia usukani.

"Ungeniambia," Annette alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza mume wake zaidi. "Nipigie Godelive. Hapa juu rezo ya simu iko."

Simu iliita sana kabla ya kupokelewa. Kukasikika upepo, kisha sauti ya mwanamke mzee aliyezoea kupiga kelele juu ya moto.

"Annette? Weko wapi?"

"Niko hapa juu. Kwa mulima."

"Basi shuka. Nimeshatia maji ya ugali kwa moto."

"Gari haiwezi, ndugu yangu. Ikishuka haitapanda."

"Unasemaje? Shuka, nakuja kukungojea kwa barabara…"

Sauti ikakatika. Walipiga tena, ikawa haiingii. Annette alimrudishia Médard simu, akafumba macho. "Amesikia," alisema. "Amesikia kama hatushuke."

Médard alimimina maji kwenye moteri, akangoja ipoe, akageuza gari. Kurudi Bunia hakuna mlima mkubwa, ila kuna vilima, na jua lilikuwa limesimama katikati. Kwenye kilima cha pili sindano ilifika mwisho. Gari lilianza kutetemeka. Mkono wa Médard ulikwenda kwenye kile kitufe, ukasita, ukarudi kwenye usukani. Akaendelea kukanyaga mafuta, huku akijua kwamba moteri ikifa pale watabaki barabarani, mbali na kila kitu, katikati ya mchana.

Annette alinyoosha mkono wake mwembamba akaizima klimatizeri yeye mwenyewe. Halafu akashusha kioo cha upande wake, akajifunika pua na mdomo kwa kitambaa alichorekebishiwa na binti yake.

Walifika Rwambuzi alasiri, wote wawili wekundu toka kichwani hadi miguuni. Claudine alimpokea mama yake mikononi. Hakumlaumu baba yake, wala siku ile wala baadaye. Alileta maji tu, akamfuta uso, na maji yalipogeuka rangi akaenda kubadilisha.

Annette hakutoka tena nyumbani. Klimatizeri ilikaa siku chache ikipuliza vizuri, kisha gazi ikavuja ikaanza kupuliza hewa ya kawaida. Blanchard alikuja akasema anaweza kutafuta tundu na kutia gazi nyingine. Médard alimshukuru, akamwambia asijisumbue.

Annette alikufa mvua za kwanza ziliponyesha. Vumbi lilikuwa limelala, miti imeoshwa, na hewa iliyoingia dirishani asubuhi ile ilikuwa safi kama ambavyo kila mtu alikuwa ameitamani. Haikumsaidia kitu.

Godelive alipanda kwa lori la samaki, watu wakamsukuma juu na kumshusha kwa mikono kwa sababu ya magoti yake. Alikaa mkekani kwenye matanga, harufu ya moshi ikimtoka kwenye nguo, akalia kwa sauti ya chini. Siku ya pili alimwita Médard akae karibu.

"Siku ile," alisema, "nilienda kwa barabara. Nilikaa pale mpaka giza. Kila gari nyeupe nilisimama."

"Simu ilikatika, mama."

"Nilifikiri amesema munashuka." Alijipangusa pua na ncha ya kitenge. "Ugali nilikuja kuwapa kuku."

Wakabaki wamekaa hivyo, mpaka wanawake waliokuwa wanapika wakaja kumwuliza Médard kuni zimewekwa wapi.

Gari alilitangaza kuuzwa. Wanunuzi wawili watatu walikuja, wakasikiliza moteri, wakaondoka. Mwishoni Blanchard alilichukua ili alivunje auze vipande, akasema kompresere ile angalau bado ni nzima, ataipatia mtu. Siku walipokuja kulivuta, Médard alikwenda kwa jirani, akakaa huko akizungumza habari za mahindi.

Mwezi wa sita ilimbidi aende Mahagi kupeleka nguo za Annette kwa kaka zake. Claudine aliomba ruhusa shuleni ili amsindikize hadi kwenye kituo cha pikipiki. Alimfungia mzigo nyuma kwa mpira, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akamwambia dereva aende taratibu na huyu muzee. Médard alipanda. Hakujua aweke wapi mikono. Aliiweka mapajani, akaiondoa, mwisho akashika bega la dereva, kijana asiyemjua. Claudine alibaki amesimama kando ya barabara, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, na pikipiki ikaondoka.